Nyumba ya kupanga Makindu: uliza maji kabla ya kuuliza kodi

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini, jirani yangu alinishika mkono akanivuta kando. Kijana wake amepata nafasi katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kule Makindu, na anatakiwa kuripoti mwezi ujao. "Ndugu yangu," akaniambia, "wewe ndiwe ulompeleka mpwa wako huko. Hebu nambie, kodi ya nyumba huko ni pesa ngapi?"

Nikamwambia kodi tutaizungumza, lakini kuna swali la kuuliza kwanza: maji. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Hii ni mara ya tatu mwaka huu naulizwa jambo hili na mzazi wa hapa kwetu, kwa hivyo nimeona bora niliandike, asaa limfae na yule ambaye hatukukutana msikitini.

Wengi wetu Makindu twaijua kwa dirisha la basi. Ni mji wa kaunti ya Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa kwetu, baada ya Mtito Andei na Kibwezi. Twaikumbuka kwa hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi ambazo wengi wao walikuwa wafanyakazi wa reli, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chai na chakula bila kulipa. Lakini kupita ni jambo moja na kuishi ni jingine. Siku hizi vijana wetu hupelekwa huko kwa masomo, kwa kazi za ualimu na uuguzi, na kwa biashara za kando ya barabara. Huwa wanatoka nyumba ya mama na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kupanga, bila kufundishwa na mtu yeyote namna ya kupanga.

Jina lenyewe ni letu

Mama zetu wanaosuka mikeka wanaujua ukindu. Hutoka kwenye mkindu, mtende wa mwituni unaopenda kuota penye unyevu, kando ya mito na chemchemi. Makindu imepewa jina kwa mti huo, na mto unaopita hapo unaitwa vivyo hivyo. Kwa hivyo jina peke yake linakwambia kwamba watu walikaa hapo kwa sababu ya maji, katika nchi ambayo kwa jumla ni kavu. Mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani ni ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, na hata hiyo hukosekana miaka mingine.

Maji hayo yanatoka wapi? Ukiwa Makindu ukatazama upande wa kusini-magharibi utaviona vilima vya Chyulu. Ni vilima vya volkano. Mvua ikinyesha juu yake haiteremki kwa mito kama kwengine, bali huzama ndani ya mawe yenye matundu, ikatembea chini kwa chini, kisha ikatokeza mbali kama chemchemi: Mzima kule Tsavo, Umani karibu na Kibwezi, na zile za Makindu na Kiboko. Na Mzima ndiyo chemchemi ambayo maji yake huletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mtoto wa Mombasa akienda Makindu, basi, anakwenda kunywa maji ya vilima vilevile.

Tatizo ni kwamba chemchemi ni ileile na watu wameongezeka. Wakulima huvuta maji ya mto kumwagilia mboga na matunda. Majengo ya kupangisha yanaongezeka, na bomba ni lilelile. Visima vingi vya kuchimba katika sehemu hizo hutoa maji ya chumvi, sabuni haifanyi povu na chai haina ladha. Ndiyo maana utakuta nyumba mbili zimekabiliana, zote mpya, zote zina vigae, moja ina maji wiki nzima na nyingine wapangaji wake wanangoja mkokoteni wa punda na mitungi.

Pesa za mahamri zilivyopotea

Sisi tulijifunza kwa hasara. Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata kazi ya uuguzi katika zahanati ya kibinafsi. Akatafutiwa nyumba na dalali kwa simu. Picha zikaja, nyumba inang'aa, sinki jeupe, madirisha makubwa. Dalali akasema kuna watu watatu wanaitaka, atume pesa leo. Dada yangu anauza mahamri na mbaazi, na zamu yake ya chama ilikuwa imefika wiki hiyo. Akatuma Sh14,000 kwa M-Pesa: kodi ya mwezi mmoja Sh7,000 na dipoziti Sh7,000.

Mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulipofika, nyumba ilikuwa ndiyo ile ya picha, hatukudanganywa kwa hilo. Lakini ilikuwa imejengwa bondeni, hatua chache kutoka ukingo wa mto. Nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo fundi wa rangi hakufika, kulikuwa na mstari wa tope mkavu kimo cha goti. Nilifungua bomba la jikoni likatoa pumzi tu. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua nje, akanijibu kwa upole, "Baba, maji huja Jumanne usiku. Na si kila Jumanne."

Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, tufanyeje?" Tukamrudia dalali. Baada ya maneno mengi akarudisha kodi ya mwezi. Dipoziti akasema ameshampa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Nairobi, na simu yake haishiki. Hatukuwa na karatasi hata moja. Sh7,000 za mahamri zikaishia hapo, na dada yangu mpaka leo hajui kwamba niliongeza mfukoni mwangu ili asiulize mengi.

Jioni ile tulikula dengu na chapati kule hekaluni, pamoja na madereva wa malori na familia za wasafiri. Wageni hupewa pia mahali pa kulala, na wenye uwezo huacha sadaka. Ukienda, ni nyumba ya ibada ya wenyewe: vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala kileo. Nalitaja hili kwa sababu kosa letu kubwa lilikuwa haraka. Mtu akijua ana pa kulala usiku wa kwanza, hana sababu ya kulipia nyumba asiyoiona.

Namna ya kuikagua nyumba

Siku ya pili tulitembea kwa miguu, bila dalali. Haya ndiyo tuliyoyaangalia, na ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza.

Kwanza, fungua kila bomba mwenyewe. Usikubali kuambiwa "maji yapo". Uliza yanakuja siku gani, saa ngapi, na ni ya kampuni ya maji au ya kisima. Onja. Kisha waulize wapangaji, si mwenye nyumba peke yake wala mwangalizi wa ploti.

Pili, hesabu tangi. Tangi la lita 5,000 laonekana kubwa, lakini ligawe. Mtu mmoja anayepika, anayefua, anayeoga na kutawadha mara tano kwa siku hatakosa kutumia mitungi mitano ya lita 20, yaani lita 100. Ploti ya vyumba sita yenye mtu mmoja kila chumba hutumia lita 600 kwa siku. Tangi hilo litakwisha baada ya siku nane. Ikiwa bomba la mtaa huja mara moja kwa wiki, mwapita kwa tabu. Ikiwa vyumba ni kumi na viwili, tangi halifiki hata siku tano.

Tatu, piga hesabu ya kodi pamoja na maji. Tuseme nyumba moja ni Sh6,500 na ina maji, nyingine ni Sh5,000 na haina. Ukinunua mitungi mitano kwa siku, tuseme kwa Sh20 kila mtungi, ni Sh100 kwa siku, Sh3,000 kwa mwezi. Nyumba ya Sh5,000 imekuwa ya Sh8,000, na mgongo unauma juu yake.

Nne, tazama ardhi. Mto wa Makindu wakati wa kiangazi waweza kuudharau. Lakini mvua kubwa ikinyesha, maji ya eneo zima huteremkia mabondeni kwa saa chache. Kanuni za maji nchini zinataka pasijengwe kwenye ukingo wa mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na ukubwa wa mto wenyewe. Nyumba iliyojengwa ndani ya mpaka huo yaweza kubomolewa na serikali, au kuchukuliwa na mto, na wewe mpangaji ndiye utakayekuwa na godoro nje. Tafuta alama za tope ukutani, milango iliyooza chini, na rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta. Wazee wa mtaa wanakumbuka maji yalifika wapi. Waulize.

Tano, choo na shimo lake. Palipo na kisima ndani ya ploti, angalia shimo la choo liko umbali gani na liko upande wa juu au wa chini. Uchafu huteremka na maji.

Sita, barabara. Nyumba zinazoelekeana na barabara kuu hupendeza kwa urahisi wa usafiri, lakini malori ya bandarini kwetu hupita hapo usiku kucha. Mtu wa zamu za usiku anayelala mchana hataiweza. Na mwenye watoto afikirie watavukaje.

Saba, stima. Uliza kama kila chumba kina mita yake ya tokeni au mnagawana moja. Mita moja kwa ploti nzima ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa wapangaji, Makindu na hata hapa Majengo.

Mali bila daftari

Nyumba tuliyoipata ni ya mama mmoja mtu mzima, iko sehemu iliyoinuka, ina tangi na mifereji ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Kodi Sh6,500. Alipotaja bei nikamwomba tuandikiane. Alishangaa kidogo. "Baba, hamniamini?" Nikamwambia, "Mama, twakuamini, ndiyo maana twataka tusije tukakosana."

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa sisi Waislamu jambo hili ni zaidi ya busara ya wazee. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Dipoziti ni nini kama si amana yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine? Haya basi, tukachukua daftari la shule, tukaandika: jina la kila mmoja na nambari ya kitambulisho, kodi, tarehe ya kulipa, kiasi cha dipoziti na lini itarudishwa, nani analipia maji na ukarabati, notisi ni ya muda gani, na hali ya nyumba siku ya kuingia. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, tukauandika. Yeye akatia saini, mpwa wangu akatia saini, na mashahidi wawili. Kila upande ukabaki na nakala. Picha tukazipiga kwa simu siku hiyohiyo.

Sheria nayo ina neno, ingawa si sawa kwa nyumba zote. Chumba ambacho kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi kinalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296: mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa bila idhini ya jopo linalosimamia sheria hiyo. Wanafunzi wanaopanga vyumba vya bei ya chini walijue hilo. Nyumba ya juu ya hapo inafuata mapatano yenu, na ndiyo sababu karatasi ina thamani. Pasipokuwa na mapatano juu ya notisi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe notisi isiyopungua muda wa kipindi anacholipia, yaani mwezi mmoja. Nawe ukitaka kuhama, wadaiwa vivyo hivyo.

Kuna na jambo la ushuru. Tangu Januari 1, 2024, mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya. Huo ni ushuru wake. Akija katikati ya mapatano akikutaka uongeze "pesa za KRA" kando ya kodi mliyoandikiana, mwonyeshe karatasi kwa adabu.

Na mzozo ukishindikana kwa mazungumzo, anza kwa mzee wa mtaa na ofisi ya chifu. Madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili. Makindu kwenyewe kuna mahakama, hapo waweza kuuliza pa kuanzia. Lakini hakimu atakuuliza ulichonacho mkononi. Sisi kwa zile Sh7,000 za kwanza tulikuwa na ujumbe wa M-Pesa tu, tena umekwenda kwa jina la dalali.

Kukaa na watu

Baada ya nyumba kuna kuishi. Makindu iko takriban mita 1,000 juu ya bahari. Mchana wa Februari utadhani uko kwetu, lakini usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi zito, na mtoto aliyezoea shuka moja ataugua mafua wiki ya kwanza. Mpe blanketi, na chandarua pia.

Ibada haina shida. Msikiti uko, na Waislamu wako mjini. Mwambie mwanao aende siku ya kwanza, asalimiane na imamu, ajulikane. Hao ndio watakaomwonyesha bucha la kununua nyama na familia ya kufuturu nayo Ramadhani. Akialikwa na jirani asiye Mwislamu, asione haya kuuliza nani kachinja. Wakamba hawakasirishwi na swali hilo likiulizwa kwa heshima, na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ni chakula atakachokula bila wasiwasi wowote.

Tusisahau pia kwamba Wakamba na sisi hatukujuana jana. Karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa, na Rabai mpaka leo kuna Wakamba ambao Kiswahili chao ni kama chetu. Kijana akijifunza kusema "muvea", asante yao, na akamwita mwenye nyumba "Mama" badala ya jina lake, milango mingi itafunguka. Mpwa wangu alipougua malaria mwaka jana, aliyempeleka hospitali usiku ni yule mama, kwa bodaboda, na mimi nilipata habari asubuhi.

Kwa kuja nyumbani, kuna mabasi ya barabara kuu, na kuna treni ya SGR ile inayosimama vituo vya njiani. Haisimami Makindu. Kituo cha karibu ni Kibwezi, na kutoka hapo ni safari fupi ya matatu. Asiipande ile ya moja kwa moja, atajikuta Nairobi.

Nimemwambia jirani yangu haya yote, pengine mengi kuliko alivyotaka. Akaniuliza tena, "Sasa kodi ni pesa ngapi?" Nikamwambia itategemea nyumba atakayoikuta, kwa hivyo asitume hata shilingi kabla ya kufika. Mwezi ujao ataondoka na mwanawe siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa, wakalale, waamke, wazunguke. Nimemwazima daftari. Na nimemwambia akifika mlangoni, kabla hajatoa salamu ya pili, aombe maji ya kunywa, kisha atazame yanatoka wapi: bombani, kwenye tangi, au kwenye mtungi ulionunuliwa.